Nilimfundisha Kaka Kubusu Mkono

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya. Leo nawapeleka pabaya zaidi, kwa hiyo kama una moyo mwepesi, mpe gazeti jirani.

Kwa ambaye hakuwepo: kaka yangu Natan, winga wa kulia wa Putra Karangbata, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kocha wake, Gunadi, alimwita nyani. Alimwita hivyo kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, wakati wa mapumziko, mbele ya timu nzima. Timu nzima ikasema haikusikia. Klabu ikamsimamisha Natan mazoezi, na kamati ya nidhamu ya ligi ikaita kikao.

Na mimi, Selfina, mdogo wake wa tumbo moja, siku zote hizo nilikuwa nalala wapi?

Nyumbani kwa Kocha Gunadi.

Msinitukane kwanza. Kambini wasichana hawaruhusiwi. Kwetu ni Serui, Papua, na kutoka huko hadi huku Java unapanda meli, halafu ndege, halafu ndege nyingine. Natan aliponileta nisome, Kocha mwenyewe ndiye aliyesema, "Mlete kwangu. Mke wangu hana mtoto wa kike." Nikapewa chumba. Nikapewa godoro jipya. Nikaambiwa niwaite Baba na Mama.

Nikawaita.

Haya, asubuhi ya kikao.

Mama Ratmi, mke wa Kocha, alikuwa ananipigia pasi sare ya shule.

"Mama, leo siendi shule," nikamwambia. "Si nivae gauni?"

"Vaa sare. Wakikuona na sare watajua unasomeshwa."

"Na viatu?"

"Vile vipya. Vile nilivyokununulia mimi."

Akaniwekea wali, mboga za mchuzi wa karanga, tempe ya soya ya kukaanga, na yai juu. Yai ni la siku za mtihani. Nikajua na leo ni mtihani.

Baba Gunadi akatoka chumbani na shati lake la batiki, anapiga mluzi.

"Mwanangu, umeamkaje?"

"Salama, Baba."

Nikasimama, nikaupokea mkono wake, nikainama, nikaugusisha kwenye paji la uso. Wenyewe huita kubusu mkono, na ndivyo nilivyofanya kila asubuhi. Huku Java mkubwa hasalimiwi kwa mdomo peke yake; ukifanya hivyo watakuuliza umelelewa na nani.

"Unaona?" akamwambia mkewe huku bado mkono wake uko kichwani kwangu. "Shahidi wangu huyu hapa. Nani atasema nachukia watu weusi? Mmoja analala kwangu, anakula wali wangu, na akila anabakiza mfupa mweupee!"

Wakacheka.

Na mimi nikacheka. Siwafichi. Nilicheka, na yai lilikuwa tamu.

Sasa nisikilizeni. Lile neno nililijua. Nilishalisikia kwa Baba Gunadi, siyo mara moja. Akikaa mbele ya televisheni, timu nyingine inacheza, winga fulani wa kutoka kwetu akiwapiga watu chenga, Baba anapiga paja: "Mkabeni huyo nyani! Mkabeni!" Halafu anakumbuka kwamba nipo nyuma yake na sahani ya karanga. Anageuka.

"Siyo wewe, mwanangu. Wewe ni wa nyumbani."

Mama Ratmi anamrushia mto wa kochi. "We Gunadi, mdomo wako!"

Inaishia hapo. Karanga zinaliwa.

Kwenye gari nilikaa nyuma na Mama Ratmi. Baba alikuwa mbele na dereva, wanazungumza habari za mvua. Mama akanishika mkono.

"Watakuuliza swali moja tu, Sefi. Kama umewahi kumsikia."

"Mama, lakini..."

"Ulipougua homa ya matumbo, nani alikuogesha?"

"Wewe."

"Nani alikuwa anakufulia mashuka, mara mbili kwa siku, kwa mikono yake?"

"Wewe, Mama."

"Basi."

Akaniachia mkono, akatazama dirishani. Hakunitisha. Angenitisha ningejua la kufanya.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli. Natan alikuwa amesimama mlangoni na suti yake ya kanisani, ile ya bluu ambayo mikono imeshakuwa mifupi. Akaniona nashuka kwenye gari la Kocha.

"Sefi. Umekuja na gari lao?"

"Ningekuja na nini, Kaka?"

"Na miguu. Kwetu miguu bado ni halali."

Halafu akatabasamu. Natan hawezi kununa, hajaumbiwa. Akashuka ngazi akanirekebisha kola.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Afadhali mmoja wetu. Mimi nimekunywa maji." Akaniinamia sikioni. "Usiogope. Mas Topo atasema. Ameniapia jana."

Mas ndiyo kaka kwa Wajava, na Mas Topo alikuwa zaidi ya kaka. Ndiye kipa wao. Analala chumba kimoja na Natan tangu Natan afike. Wanakula sahani moja, wanachukuliana soksi. Kama kuna mtu wa kusema, ni yeye.

Tukaingia.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Danu, mtu mpole, anamung'unya pipi ya mnanaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kulia kwake na kushoto kwake kulikuwa na wazee wawili ambao sikuwasikia wakisema neno lolote. Upande wa klabu alikaa wakili, Pranoto, kijana nadhifu mwenye sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale.

Mas Topo akaitwa wa kwanza. Akasimama, akavitazama viatu vyake.

"Topo," Mzee Danu akasema, "wakati wa mapumziko kocha alisema nini?"

"Alisema turudi nyuma haraka tukipoteza mpira, Mzee."

"Na kwa Natan?"

"Alimwambia asimwache beki wa kushoto apande."

"Neno nyani lilisemwa?"

"Feni ilikuwa inapiga kelele."

"Feni?"

"Ndiyo, Mzee. Vyumbani kuna feni mbovu. Ikizunguka, husikii."

"Lakini la beki wa kushoto ulilisikia?"

"Hapo ilikuwa imetulia kidogo."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Natan akainuka kwenye kiti.

"Mas! Ulinishika bega! Wewe ndiye uliyeniambia, vumilia, twende tukacheze!"

"Kaa chini, Natan," Mzee Danu akasema kwa upole.

"Mas Topo, nitazame!"

Mas Topo hakumtazama. Akasema, kwa sauti ya chini sana, "Natan, ndugu yangu, mke wangu juzi kajifungua."

"Hilo siyo jibu," mwenyekiti akasema.

"Kwangu ndilo jibu, Mzee."

Wakili Pranoto akanyanyua kidole kimoja, kwa adabu.

"Kabla hajakaa, Mzee. Topo, ni kweli kwamba huko kambini Natan mwenyewe hutania rangi yake?"

"Hutania, ndiyo. Ni mcheshi."

"Tupe mfano tucheke."

Mas Topo akasita. "Umeme ukikatika... anasema... tulieni jamani, mimi nawaona, nyinyi ndiyo hamnioni."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wazee wawili mabubu wakacheka. Mzee Danu akavua miwani akafuta macho. Hata Baba Gunadi alicheka, anatikisa kichwa kama mtu anayemkumbuka marehemu aliyempenda.

Ule utani naujua. Natan huusema nyumbani, kwetu, na Mama yetu mzazi hucheka mpaka akashika ukuta. Sikujua kwamba utani ule ule unaweza kumpiga mwenyewe makofi mbele za watu.

"Kwa hiyo," Wakili Pranoto akasema kicheko kilipoisha, "anayecheka na rangi yake kila siku, siku moja tu imemuuma. Haya. Naomba tuone picha."

Wakawasha skrini.

Ilikuwa mechi ile ile. Kipenga cha mwisho. Natan anatoka uwanjani, jezi imelowa, anatembea moja kwa moja mpaka benchi. Kocha ananyoosha mkono. Natan anaupokea, anainama, anaugusisha kwenye paji la uso.

Wakili akasimamisha picha hapo hapo. Kaka yangu kainama, mkubwa kama ukuta.

"Hii ni baada ya mapumziko, Mzee. Baada ya hilo tusi analolidai. Mimi nauliza tu, sina elimu ya mambo ya moyo: mtu aliyeitwa nyani, anabusu mkono wa aliyemwita?"

"Ni mazoea," Natan akasema.

"Mazoea ya wapi? Serui mnabusu mikono?"

"Hapana. Kwetu tunapeana mkono, tunaachiana, kila mtu na wake."

"Sasa haya mazoea yametoka wapi?"

"Nilifundishwa. Mkono uliinuka wenyewe. Mimi hata sikuwepo, ulikuwepo mkono tu."

"Nani alikufundisha?"

Natan akageuka, akanionyesha kwa kidevu, kama tunavyofanya kwetu.

"Mdogo wangu."

Ni kweli. Siku yake ya kwanza kuja kunisalimia kwa Kocha, nilimvutia uani kwenye kamba za nguo.

"Kaka, hapa ukikutana na mkubwa, mshike mkono, inama, gusisha hapa."

"Hata kama mkono unanuka samaki?"

"Hata kama."

"Hata kama amenikanyaga?"

"Hasa akikukanyaga. Ndiyo atajua una adabu."

Tukafanya mazoezi pale uani. Mimi nikawa Kocha, yeye akawa yeye. Anainama kwangu, miguu mirefu inamsumbua, tunacheka. Nilikuwa najifunza kila kitu cha huku haraka, nisionekane mgeni. Mimi ni mtu ambaye darasani nikitaka kwenda chooni naomba kwa macho. Kitu kinachokufanya usionekane, kwangu kilikuwa dhahabu, na nilitaka nimpe na kaka yangu.

Sasa, nitawaambia kitu kuhusu watu waliokuwa kwenye ule ukumbi. Wote walikuwa Wajava. Wote, tangu hawajaota meno, walishabusu mkono wa mjomba wanayemchukia, wa mwalimu aliyewachapa, wa bosi aliyewadhulumu. Walijua kabisa kwamba busu lile halina mapenzi ndani yake. Anayejua kuliko wote ni Mzee Danu.

Lakini wote wakaitazama ile skrini kama watu walioshangaa.

"Binti," Mzee Danu akasema, "njoo hapa."

Nikaenda. Sare, viatu vipya.

"Ulimfundisha kaka yako?"

"Ndiyo."

"Sauti."

"Ndiyo, Mzee. Nilimwambia hata mtu akikukanyaga."

Natan akashusha pumzi. Nilimsikia. Mzee Danu akahamisha pipi yake shavu la pili.

"Kumbe ni mafunzo," akasema. "Hilo linaeleweka. Basi hii picha haithibitishi kitu."

Jamani, kwa muda wa kupepesa jicho, tulikuwa tumeshinda! Natan ananitazama meno yote nje. Baba Gunadi kaacha kutabasamu. Mimi nikaanza kurudi kwenye kiti.

"Binti mkweli," Wakili Pranoto akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Hongera. Nadra siku hizi. Mzee, kwa kuwa ni mkweli hivi, naomba atusaidie na moja tu."

Nikasimama.

"Unaishi wapi, binti?"

"Kwa Baba. Kwa Kocha Gunadi."

"Unakula huko?"

"Ndiyo."

"Ulipougua, uliuguzwa huko?"

"Ndiyo."

"Basi katika nyumba hiyo, mchana, jioni, sikukuu, wakati wowote. Umewahi kumsikia Baba yako akilitamka hilo neno?"

Alisema Baba yako.

Nikamtazama Natan. Alikuwa ametulia kabisa, ameegemea kiti, kama mtu anayesubiri penalti wakati mpigaji ni yeye mwenyewe. Hakujua chochote kuhusu televisheni na karanga. Sikuwahi kumwambia. Lakini alikuwa na uhakika na mimi.

Nikamtazama Mama Ratmi. Hakunikonyeza, hakunikunjia uso. Alikuwa ameshika leso, anaikunja, anaikunjua, anaikunja. Kwa mikono ile ile ya mashuka.

"Hapana," nikasema.

"Sauti, binti."

"Hapana! Sijawahi."

Mzee Danu akaguna. Wakili akanishukuru. Natan hakupiga kelele, hakunikunjia uso. Alikuwa anavitazama viatu vyangu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kama mteremko.

"Sisi sote ni ndugu," Mzee Danu akasema. "Soka ni familia. Mambo ya familia humalizwa kifamilia. Natan, omba radhi mbele ya waandishi, kocha akusamehe, Jumamosi uko uwanjani. Tumemaliza."

"Na nisipoomba?"

"Basi umemsingizia mkubwa wako. Msimu mzima nje. Na klabu, nadhani..."

"Klabu itavunja mkataba," Wakili akasema.

Baba Gunadi akasimama. Akafunga kifungo cha batiki yake.

"Mzee, mimi sina kinyongo na huyu kijana. Na Sefi ataendelea kukaa kwangu, atasoma. Hilo halina uhusiano na haya. Mimi siyo mtu wa namna hiyo."

Watu wakamwitikia kwa vichwa. Jinsi alivyo muungwana!

Natan akaomba aongee na mimi nje. Tukasimama kwenye korido, karibu na birika la chai la hoteli. Akaweka mikono mfukoni.

"Hujawahi kumsikia?"

Nikanyamaza.

"Sefi. Nakuuliza mimi, siyo wale. Hujawahi?"

Nikanyamaza.

"Basi umemsikia." Akacheka, kicheko kifupi, kama mtu aliyekwaruzwa. "Mimi napigana na simba, kumbe mdogo wangu ndiye anamshikia mkia asichoke."

"Kaka, Mama Ratmi ali..."

"Najua alichofanya. Alikuosha. Mimi nilikubeba mgongoni kutoka bandarini, lakini mgongo hauna sabuni."

"Kataa, Kaka. Usiombe radhi. Turudi nyumbani."

"Kwa nani? Mama anakunywa dawa za presha kwa miguu yangu hii. Nikirudi nayo haina mkataba, ataimeza miguu?"

Akatoa mikono mfukoni. Akaniweka sawa kola tena, bila kunitazama.

"Nitabusu. Ulinifundisha vizuri."

Waandishi wakaingizwa ukumbini. Kamera, taa, vipaza sauti. Wakapanga watu. Baba Gunadi katikati, Natan kulia. Mtu mmoja akasema, "Na yule binti asimame hapa kushoto, ipendeze, picha ya familia." Nikasukumwa mpaka begani kwa Baba. Akanikumbatia kwa mkono mmoja.

"Naomba radhi kwa usumbufu," Natan akasema. Neno lilikuwa limeandaliwa, akalitoa kama mtu anayetema mbegu.

"Nimesamehe kabla hajaomba," Baba Gunadi akasema. Wakapiga makofi.

Natan akainama. Akaupokea mkono, akaugusisha.

"Rudia!" mpiga picha akasema. "Taa haikuwaka."

Natan akainama tena.

"Jamani, samahani, rudia tena. Uso hauonekani, unapotea gizani. Kaka, jaribu kutabasamu tukuone meno."

Kikapita kicheko kidogo. Natan akatabasamu. Akainama mara ya tatu.

Hapo ndipo Baba Gunadi naye akainamisha kichwa, kama mzazi anayembariki mwanawe. Uso wake unazitazama kamera, unang'aa. Midomo haikucheza kabisa. Mimi nilikuwa kwapani kwake, sikio langu liko kwenye shati lake.

"Kumbe nyani naye hufundishika," akasema.

Taa zikawaka. Picha ikapatikana.

Sijui niwaelezeje. Nilihisi kama ni mimi nimelisema. Kwa sababu nani alifundisha?

"Binti, unalia?" Mwandishi mmoja, dada mwenye nywele fupi, aliniletea kipaza sauti mdomoni. "Ni furaha, eeh? Familia imerudiana?"

Mimi ndiye yule wa kuomba kwa macho. Nadhani nimewaambia. Lakini mdomo ukafunguka kama mkono wa Natan ulivyoinuka, wenyewe, mimi sipo.

"Amemwita nyani."

"Nani?"

"Baba. Kocha. Sasa hivi, hapa. Amesema, kumbe nyani naye hufundishika. Na nyumbani huwa anasema. Nilidanganya. Huwa anasema!"

Mkono wa Baba Gunadi begani kwangu haukuondoka, ulizidi uzito tu. Kamera zote zikanigeukia, halafu zikageukia kwa Natan, ambaye alikuwa bado ameushika ule mkono mwingine.

Mzee Danu akatema pipi kwenye leso.

"Hili ni jambo zito. Natan, wewe ndiye ulikuwa karibu kuliko sote. Umelisikia hilo neno?"

Natan akanyooka. Akanitazama. Nikasema moyoni, haya Kaka, sasa tuko wawili, sasa hawatuwezi. Nikamwashiria kwa kichwa. Sema. Sema tu, mimi nipo.

Alinitazama muda mrefu. Halafu macho yakashuka, pole pole, mpaka kwenye viatu.

"Sikusikia, Mzee."

"Una hakika? Huyu ni mdogo wako."

"Feni inapiga kelele."

Ukumbi ule ulikuwa na kiyoyozi. Hapakuwa na feni hata moja.

Hakuna aliyenyanyua kichwa kuangalia dari.

"Mtoto amechoka," Wakili Pranoto akasema kwa upole. "Siku imekuwa ndefu. Waandishi, tafadhali, tumheshimu. Kwanza alisema hivi, sasa anasema vile. Ni umri."

"Ni umri," Mzee Danu akasema, akafungua pipi nyingine.

Yule dada wa nywele fupi akaondoa kipaza sauti mdomoni mwangu, akakifuta.

Basi la timu lilikuwa linasubiri nje. Natan alipanda na suti yake ya kanisani. Mas Topo alikuwa amemwekea nafasi karibu na dirisha, na nikaona akimpiga piga bega. Natan hakugeuka. Basi likaondoka.

Nikabaki kwenye ngazi za hoteli. Mkoba wangu wa shule uko kwa Kocha. Nguo zangu ziko kwa Kocha. Godoro langu liko kwa Kocha.

Gari likaja. Mama Ratmi alikuwa ameshakaa mbele safari hii, pembeni ya dereva. Alikuwa anatazama mbele kwenye kioo, na ile leso ilikuwa imekunjwa kabisa, iko juu ya mkoba wake.

"Mama," nikamwita.

Hakugeuka.

Baba Gunadi ndiye aliyeshuka. Akanifungulia mlango wa nyuma mwenyewe, kama dereva. Wapiga picha wawili walikuwa bado wako pale, wanakunja nyaya zao, na mmoja akainyanyua kamera tena.

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lile la asubuhi, la yai.

"Haya, mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Yameisha. Twende nyumbani tukaongee."

Halafu akaninyooshea mkono, kiganja chini.

Na akasubiri.